Je, wajua? Kwanini msitu wa Shishkin hauwi ukuta wa kijani

Ivan Shishkin, mchoraji wa Urusi (1832 hadi 1898), alichora miti karibu maisha yake yote, na mara nyingi sio msitu wa kuutazama kwa mbali ukiwa kilimani, yeye anakuingiza ndani kabisa mpaka magome ya misonobari yanakujaa usoni. Sasa huko ndani hamna upeo wa macho, hamna barabara inayopotelea mbali, mbona bado unaona kina?

Jibu la haraka la watu ni kwamba jamaa alichora kila jani. Sio kweli, na hapa tubishane kidogo maana hata wanaompenda wanalirudia. Chukua ile maarufu, Asubuhi kwenye Msitu wa Misonobari ya 1889, iko kwenye jumba la sanaa la Tretyakov kule Moscow, upana wake unapita mita 2. Ule mti uliong'oka hapo mbele una kila kitu, mizizi, mbao iliyopasuka, gome linalobanduka. Peleka macho nyuma ya dubu waliomo pichani (ambao, kwa taarifa yako, walichorwa na mwenzake Konstantin Savitsky, halafu Pavel Tretyakov, mwanzilishi wa jumba hilo, alipoinunua picha, saini ya Savitsky ikafutwa!), majani huyaoni, ni mabaka tu, dhahabu juu, bluu ya kijivu chini. Angeyachora ya nyuma kwa ukali uleule wa mbele, yote yangekusogelea kwa pamoja na kina kingekufa palepale.

Kinachofanya kazi ni hewa yenyewe. Ni kama jiko la kuni likifuka: sufuria iliyo karibu nawe unaiona mpaka masizi yake, ya pili imefifia, ukutani kule ni kivuli tu, kwa sababu kila hatua inaongeza moshi kati yako na kitu. Shishkin anafanya hivyo kwa ukungu, kila safu ya miti inapungua weusi kidogo na kuongeza bluu, jicho linahesabu umbali lenyewe bila kuambiwa.

Ila ukungu sio dawa ya kila picha yake. Kwenye picha kubwa ya mwisho, ile ya msitu wa misonobari ya kujengea meli, ya 1898, hewa ni safi kabisa, jua limepiga vigogo vya mbele na giza likabaki nyuma, vigogo vinazibana, na vilele vya miti amevikata kwenye ukingo wa juu wa picha, maana ukisimama karibu na msonobari mrefu hivyo kilele hukioni mpaka uinue shingo.