Simba wa udi, ng'ombe wa birika: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, yupo simba wa shaba mwenye kimo cha sentimita 85 hivi. Shingo na kiwiliwili chake vimetobolewa nakshi za matundu, na kichwa kinatoka. Aliyekulia nyumba yenye chetezo atamwelewa mara moja: kichwa kinaondolewa, makaa yanawekwa ndani, udi juu ya makaa, kichwa kinarudishwa, kisha moshi unafuka mwili mzima. Simba huyo alitengenezwa Iran na fundi Ja'far bin Muhammad bin Ali, mwaka 577 Hijria (1181–82), kwa ajili ya amiri Saif al-Dunya wal-Din bin Muhammad al-Mawardi. Majina na mwaka vimechorwa juu ya simba mwenyewe.

Vyombo vya namna hii ni vingi: vyetezo vya umbo la paka-mwitu, mabirika ya umbo la ndege, kufuli za umbo la wanyama. Na karibu kila mara vinapoonyeshwa, yanazuka maneno yaleyale.

"Uislamu umekataza sanamu, kwa hiyo hivi si vyombo vya Waislamu."

Dhana hii haikuzuka hewani. Hadithi zinazokemea picha za viumbe wenye roho zipo, na ni nzito. Ndiyo maana msikitini macho hukutana na maandishi, maua na nakshi za mistari, si simba wala tausi. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba Waislamu hawakuwahi kuwa na umbo la mnyama ndani ya nyumba ni kuruka hatua nyingi mno. Qur'ani haina aya inayokataza kila picha ya kiumbe. Katika Sura Sabaa, aya ya 13, masanamu yanatajwa miongoni mwa vitu alivyofanyiwa Nabii Suleiman, na yametajwa pamoja na masinia na masufuria. Ipo pia habari mashuhuri ya Bibi Aisha (r.a.) aliyetundika pazia lenye picha. Mtume (s.a.w.) hakulipenda, likashushwa, likakatwa na kufanywa mto. Wanazuoni wengi walijenga hoja yao hapo: picha iliyotundikwa na kutukuzwa ni jambo moja, na ile inayokaliwa au kukanyagwa ni jambo jingine. Wengine hawakuruhusu hata hiyo. Mjadala ulikuwepo na upo hadi leo, na haifai kuufunika.

Ila historia ya mafundi iko wazi. Katika makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg, Urusi, lipo birika la umbo la tai lenye jina la fundi Suleiman na mwaka 180 Hijria, yaani 796–97. Hizo si zama za mwishoni ambazo mtu angesema watu walikuwa wamekwisha kusahau. Ni karne ya pili tu ya Hijria, na maandishi yake yanaanza na Bismillahi. Fundi aliyeanza kazi yake kwa jina la Mwenyezi Mungu hakuwa anaificha.

"Yalikuwa mapambo tu."

Hapana. Yalifanya kazi. Wageni walinawishwa mikono kwa mabirika haya kama tunavyonawisha leo kabla ya sinia la pilau kuletwa, na maji yalitoka mdomoni mwa mnyama. Ninalolipenda kuliko yote liko Hermitage pia: ng'ombe mwenye nundu ananyonyesha ndama wake, na juu ya mgongo simba amemrukia. Simba huyo ndiye mkono wa kushikia birika. Limetoka Iran, mwaka 1206.

Kazi kama hiyo huanza na nta. Fundi huchonga umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo, hulichoma nta iyeyuke na kutoka, kisha humimina shaba iliyoyeyuka katika nafasi iliyobaki. Chombo kikiwa na uwazi ndani, kiini cha udongo huwekwa katikati, na hapo ugumu huongezeka. Shaba isipofika mguu mmoja wa ndama, kazi yote imeharibika. Sasa soma maandishi ya Kiajemi yaliyo juu ya ng'ombe huyu: yanasema ng'ombe, ndama na simba wote watatu walimiminwa kwa mara moja, kwa msaada wa Mungu. Naisikia furaha ya karakana nzima katika maneno hayo.

Wapo pia wanaodhani mafundi wote walikuwa Waislamu. Tausi wa shaba aliyeko Louvre, Paris, ana sahihi ya Kiarabu ya Abd al-Malik Mnasara, yaani Mkristo, na pembeni yake maandishi ya Kilatini.

"Maandishi yake ni aya za Qur'ani."

Mtu akiona herufi za Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, hudhani hivyo, na kwa heshima hasogei kusoma. Mara nyingi ni dua za kumtakia heri mwenye chombo, na msemaji wa Kiswahili anaweza kuzifuata karibu bila mkalimani. Mfano ni grifoni wa Pisa, Italia, mnyama wa kubuni mwenye kichwa na mbawa za tai na mwili wa simba, mrefu kupita mita moja kidogo. Wataalamu wengi wanamhusisha na Andalusia, yaani Hispania ya zama za Waislamu, karne ya 11 au 12. Ubavuni mwake mna maneno haya: *baraka*, *ni'ma*, *salama da'ima*, *afiya*, *sa'ada*, kisha *li-sahibihi*, yaani kwa sahibu yake, mwenye mali. Baraka, neema, salama daima, afya, saada yaani furaha.

Grifoni huyo alifika Pisa, akapandishwa juu ya paa la kanisa kuu la mji, akakaa huko karne kwa karne. Aliteremshwa mwaka 1828. Muda wote huo, juu ya vichwa vya watu waliokwenda kusali, kulikuwa na dua ya Kiarabu ya kumwombea mtu afya na salama ya daima nyumbani kwake.