Saruji, simenti na zege: maneno yanayochanganywa kuliko kokoto

Dhana: Saruji na zege ni kitu kimoja.
Saruji ni ule unga wa kijivu wa kwenye mfuko. Zege ni unga huo uliokwisha kuchanganywa na mchanga, kokoto na maji. Kwa uwiano wa 1:2:4, ndoo moja ya saruji inakwenda na mbili za mchanga na nne za kokoto, kwa hiyo unga ni sehemu moja tu kati ya saba. Ukiacha kokoto, ulichonacho ni mota ya kujengea tofali au kupigia lipu. Wakaanga chipsi wa Dar es Salaam wanaujua mgawanyo huu vizuri: chipsi mayai wanaiita zege. Viazi ndiyo kokoto, yai ndilo linaloshika.

Dhana: Neno "saruji" lilitungwa ili kutafsiri simenti ya viwandani.
Neno ni kongwe kuliko viwanda hivyo. Limetoka Kiajemi, *saruj*, na Oman nako linatumika. Uajemi lilikuwa jina la mchanganyiko wa chokaa, udongo wa mfinyanzi na majivu, uliosiribwa ndani ya matangi ya kuhifadhi maji. Waomani walichoma udongo, wakauponda hadi ukawa unga, kisha wakautumia kwenye mifereji ya maji iitwayo falaj na kwenye ngome. Sifa yake kubwa ni kushika hata penye maji. Chokaa tupu hugumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Udongo uliochomwa una silika inayoungana na chokaa hiyo palipo na maji, na hapo hewa haihitajiki.

"Simenti" nayo ina kichekesho chake. Imepitia Kiingereza, lakini asili yake ni Kilatini *caementum*, yaani mawe ghafi yaliyokatwa machimboni. Kwa hiyo zamani neno liliyahusu mawe, si gundi yake. Waliochanganya vitu hivi viwili hawakuanza leo.

Dhana: "Portland" kwenye mfuko wa saruji ni jina la kampuni, au mji inakotengenezwa.
Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, Uingereza, alipata hataza ya saruji yake mwaka 1824. Aliiita Portland kwa kuifananisha na jiwe la ujenzi linalochimbwa kisiwa cha Portland, Dorset. Leo ni jina la aina ya saruji, kiwanda chochote hulitumia.

Dhana: Saruji iliyochanganywa na majivu ya volkano ni feki.
Tazama maandishi ya mfuko. CEM I inaruhusiwa kuwa na viungo vingine visivyozidi asilimia 5. CEM II ina kati ya asilimia 6 na 35, vikiwemo majivu ya volkano, jiwe la chokaa, hata udongo uliochomwa. Ukikuta udongo uliochomwa humo, basi saruji ya kiwandani imeisogelea ile ya Waomani. Namba 32.5 au 42.5 si uzito wala asilimia: ni nguvu ya chini inayotakiwa siku ya 28, kwa niutoni kwa kila milimita ya mraba. Herufi R maana yake inapata nguvu mapema. N ni ya kawaida. Kwa nguzo inayobeba ghorofa fuata namba ya mhandisi, usifuate rangi ya mfuko.

Dhana: Zege hugumu kwa kukauka.
Hugumu kwa sababu saruji inaungana na maji. Likikauka mapema, kazi hiyo inakatika, uso unachanika na kutoa vumbi ukiupangusa kwa kiganja. Ndiyo maana linamwagiliwa walau siku 7. Lakini maji ya kuchanganyia ni hesabu nyingine: mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, na maji yaliyomo kwenye mchanga mbichi yanahesabiwa humo humo. Yanayozidi huja kutoka baadaye na kuacha vitundu.

Mafundi husema "zege halilali". Saruji ya 32.5 kwa kipimo cha maabara haianzi kushika kabla ya dakika 75, ila jua kali hupunguza muda huo. Saidia fundi akiona rundo la zege limeanza kukaza, kishawishi ni kulimwagia ndoo ya maji na kulikoroga upya. Linalainika kweli na linamwagika vizuri, ila mishiko iliyokwisha kuanza imevunjwa na maji yamezidi. Rundo hilo halifai tena kwa nguzo wala slabu.