Mtoto akishawekewa mrija wa glakoma, miaka inayofuata inakuwaje?

Mrija huo unafanya kazi gani?

Jicho hutengeneza maji kila wakati, na maji hayo yana njia yake ya kutokea. Kwa mtoto mwenye glakoma njia hiyo imeziba au haikuumbika sawasawa. Maji hujaa, presha ya jicho hupanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo huumia. Daktari huingiza mrija mwembamba sehemu ya mbele ya jicho. Upande wake wa pili umeunganishwa na kisahani kinachoshonwa chini ya utando unaofunika weupe wa jicho. Maji hukusanyika hapo, kisha hunyonywa na mwili. Hayatoki nje kama machozi.

Mrija wa aina ya Ahmed una vali, yaani kilango kinachozuia maji yasitoke kwa kasi. Aina ya Baerveldt haina, kwa hiyo mrija hufungwa kwanza kwa uzi unaoyeyuka baada ya wiki kadhaa. Mzazi asishtuke presha isiposhuka siku ileile.

Mbona wengine hufanyiwa upasuaji tofauti kwanza?

Mtoto aliyezaliwa na glakoma mara nyingi huanza kwa kufunguliwa njia ya asili ya maji. Mrija huja pale hilo liliposhindikana, au glakoma ilipotokana na jambo jingine, kwa mfano baada ya kuondolewa mtoto wa jicho (ukungu kwenye lenzi) akiwa mchanga.

Presha imeshuka. Amepona?

Hapana, na ni heri mzazi aambiwe mapema kuliko kuja kuvunjika moyo baadaye. Mwaka wa kwanza, watoto wengi presha yao hutulia. Kadiri miaka inavyopita idadi hiyo hupungua, na katika ripoti nyingi, ifikapo mwaka wa 5 waliobaki salama bila kuhitaji upasuaji mwingine ni kama nusu, ripoti nyingine zaidi, nyingine pungufu. Sababu kubwa ni kovu. Mwili wa mtoto huponya vidonda kwa nguvu, na nguvu hiyohiyo hujenga ganda nene kuzunguka kisahani hadi maji yanashindwa kupenya.

Jambo moja husahaulika: ripoti nyingi huhesabu kuwa "umefanikiwa" hata upasuaji wa mtoto anayeendelea na matone ya kushusha presha. Muulize daktari wako anamaanisha nini anaposema umefanikiwa. Kurudi kwenye matone si kushindwa. Hata mrija ukiziba, upo uwezekano wa kuweka wa pili, au kutumia leza kupunguza maji yanayotengenezwa.

Jicho linakua. Mrija nao je?

Mrija haukui. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa takriban milimita 17, la mtu mzima takriban 24, na sehemu kubwa ya ukuaji huo hutokea miaka ya mwanzo. Glakoma nayo hulitanua zaidi, kwa kuwa kuta za jicho changa ni laini. Hivyo mrija unaweza kurudi nyuma ukatoka mahali pake, au ukageuka na kugusa konea, kioo cha mbele cha jicho. Seli za ndani ya konea zikifa hazioti tena, na konea huingia ukungu. Ukigusa lenzi, huleta mtoto wa jicho. Ndiyo maana watoto wadogo hupimwa chini ya nusu kaputi mara kwa mara, hata wanapoonekana wazima.

Lini nikimbilie hospitali?

Siku hiyohiyo, ukiona jicho jekundu, usaha, maumivu, kope kuvimba, mtoto kukwepa mwanga, au mrija umejitokeza juu ya utando. Maambukizi yanaweza kuingia hata miaka mingi baada ya upasuaji, na huharibu jicho haraka.

Presha nzuri inatosha ili aone vizuri?

Haitoshi. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona, na jicho lenye ukungu hupuuzwa. Miwani na kuzibwa jicho lile linaloona vizuri kwa saa alizopangiwa nayo ni tiba. Naelewa ugumu wake: mtoto hulia, hubandua kitambaa, mzazi humwonea huruma. Lakini nafasi ya ubongo kujifunza kuona ni ya utotoni, na haingoji.

Kliniki ni mpaka lini?

Maisha yote. Tunza daftari lenye aina ya kifaa, tarehe, jicho gani, na vipimo vya presha. Akikua mkabidhi mwenyewe, maana daktari mpya atayauliza hayo kabla ya kitu kingine.