Mzee mwenye ndevu nyeupe ndo anaua hadithi yako

Mi nahariri hadithi za kifantasia, na miswada mingi ninayoletewa na waandishi Wakristo inaumwa ugonjwa mmoja. Shujaa kapigana, kakimbia, kapoteza farasi, msomaji roho iko juu, ghafla anatokea mzee mwenye ndevu nyeupe anamkalisha chini ya mti na kumhubiria kurasa tatu. Hadithi inafia hapo. Jamani, msomaji akitaka mahubiri anajua pa kwenda.

Imani iweke kwenye sheria za dunia uliyoibuni, sio mdomoni mwa mhusika. Swali langu la kwanza kwa mwandishi huwa hili: huko kwenye dunia yako uovu unaweza nini na hauwezi nini? Manake ukishaweka giza na nuru vina nguvu sawasawa vinavutana milele, hata ujaze malaika kila ukurasa, hiyo sio imani ya Kikristo tena. Mtakatifu Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, alishafundisha zamani kwamba ubaya hauna uhai wake wenyewe, ni wema ulioharibika. Kwa hiyo adui yako asiumbe kitu, aibe tu na kukipinda.

Mfano mzuri ni Tolkien, mwandishi Mwingereza wa riwaya ya kifantasia The Lord of the Rings. Alikuwa Mkatoliki kweli kweli, na mwaka 1953 alimwandikia rafiki yake kwamba riwaya hiyo kimsingi ni kazi ya kidini na ya Kikatoliki, mwanzoni bila yeye kujua, kwa kusudi alipoipitia upya. Lakini tafuta kanisa humo ndani, hulioni. Unachokiona ni shujaa Frodo, aliyetumwa kuitupa pete ya uovu kwenye moto wa mlima, anafika mwisho wa safari, mlimani kabisa, na anashindwa, anagoma kuitupa! Kinachomuokoa ni kwamba huko nyuma Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na tamaa ya pete hiyo, alihurumiwa wakati angeweza kuuawa, na huyo huyo Gollum anamnyang'anya pete na kutumbukia nayo motoni. Hiyo ni neema, na hakuna mtu aliyetamka neno neema. Tena pete inaangamia tarehe 25 Machi, siku ambayo Kanisa linakumbuka malaika kumpasha Maria habari, ila asiyejua kalenda hapotezi kitu.

Nabii Nathani naye alifanya hivo hivo mbele ya mfalme Daudi, aliyekuwa kampora mtu mke wake, alimpa kisa cha tajiri aliyechinja mwanakondoo wa maskini, Mungu hatajwi humo hata mara moja, mfalme akawaka hasira na kutoa hukumu kabla hajagundua anajihukumu mwenyewe (2 Samweli 12). Angeanza na lawama sidhani kama mfalme angefika mwisho wa kisa.

Kuhusu uchawi, najua wengi mnaogopa. Mi naangalia nguvu imetoka wapi na inamgharimu nani: imepokelewa kama zawadi, au imeporwa ili kutawala wengine? Ukishajibu hilo, mambo ya fimbo na maneno ya ajabu ni mapambo tu.

Sa ukirudi kwenye mswada, futa kila mstari ambao mhusika anaeleza imani yake halafu usome upya. Kama hakuna kilichobaki, tatizo liko kwenye ploti, yaani mtiririko wa matukio. Mzee wa ndevu mwache tu, ila mpe kazi, amfiche shujaa chini ya kitanda chake wakati askari wanagonga mlango, na yeye ndo alipe gharama.