Pesa ya Giza Inaliwa Mbalamwezi: Kwa Nini Mitaji Midogo ya Kigoma Haikui

Asubuhi ya giza, yaani zile siku ambazo usiku hauna mwezi, mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, hauna pa kuweka mguu. Mitumbwi inarudi, dagaa wanamwagwa kwenye mabeseni, wachuuzi wanagombea bei, vibarua wanapanda na kushuka, na hata mama wa chai na maandazi anamaliza kila kitu kabla ya saa tatu. Rudi hapo wiki mbili baadaye, mwezi ukiwa mpevu. Utawakuta wavuvi wanashona nyavu na wenye vichanja vya kuanikia dagaa wamekaa wanasukana nywele. Dagaa huvutwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi.

Kila mtu Kigoma analijua hilo tangu utotoni. Ajabu ni kwamba katika madaftari ninayoletewa, kwa kazi hii yangu ya kuwashauri wafanyabiashara wadogo, mbalamwezi huwa haimo. Mtu anapanga matumizi kana kwamba giza ni la mwaka mzima. Nikiulizwa tabia gani inaua biashara ndogo hapa kwetu kuliko zote, sitaji uvivu. Mtu anayeamka saa tisa usiku kuwahi mitumbwi, utamwitaje mvivu? Nataja kula mtaji huku ukidhani unakula faida.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama mmoja ana mtaji wa shilingi 300,000. Ananunua dagaa wabichi, anaanika, anauza kwa 390,000. Ukitoa vibarua, magunia, usafiri na ushuru, tuseme 35,000, zinabaki 55,000. Hiyo ndiyo faida yake kwa mzunguko mmoja. Lakini nyumbani kuna unga, kuna daftari za watoto, kuna mchango wa harusi ya binamu, na kuna kitenge ambacho wenzake wote wa kikundi wamekwisha kushona. Kila mzunguko anatoa 70,000. Haoni kosa, kwa sababu kibindoni bado kuna laki mbili na ushee, na mtu mwenye laki kibindoni hajioni maskini. Kumbe kila mzunguko amemega 15,000 za mtaji. Mizunguko sita ya giza moja, zimeondoka 90,000.

Kisha unaingia mbalamwezi. Wiki moja hadi siku kumi hakuna mzigo wa maana, na nyumbani panahitaji tuseme 10,000 kwa siku. Laki nyingine hiyo. Giza linaporudi, mama yule aliyeanza na 300,000 anasimama mwaloni na 110,000, na bei ya beseni haikumsubiri. Ukimuuliza, atakwambia biashara imekuwa ngumu, au jirani kamfanyia kitu. Kuna wanaokwenda kwa waganga kutafuta kilichowala. Hesabu ya darasa la nne ingewajibu bure.

Dawa yake si kuacha kula. Mfanyabiashara lazima ale, tena ale vizuri. Jilipe. Amua kiasi unachochukua kwa siku, giza na mbalamwezi kiasi kilekile, na kiwe chini ya faida yako ya mwezi mzima ukigawa kwa siku 30. Kwa mama wetu yule, mizunguko sita mara 55,000 ni 330,000, yaani 11,000 kwa siku. Akijilipa 9,000 kila siku, jua au mvua, mwisho wa mwezi mtaji haujaguswa na kuna 60,000 ya kuongezea mzigo. Ni kidogo, najua. Lakini hicho ndicho biashara yake inachoweza kulisha kwa sasa, na ni heri aujue ukweli huo kwenye karatasi kuliko aufahamu mwaloni akiwa mikono mitupu.

Pesa za duka zisilale pamoja na za nyumbani. Wengine wana makopo mawili. Vijana wana laini mbili za simu, moja ya biashara na moja ya shangazi. Hii ya pili ni mbinu nzuri kuliko inavyosikika, kwa sababu ndugu akiomba, unamwonyesha salio la laini yake na husemi uongo. Undugu ni mzigo mzito kwa mwenye duka mdogo. Anayeuza nyanya sokoni Mwanga anahesabiwa na ukoo mzima kuwa ana benki. Siwezi kumwambia mtu asisaidie ndugu. Mimi mwenyewe nisingekuwa hapa bila duka la mjomba. Ninachosema ni kwamba msaada utoke kwenye posho yako, usitoke kwenye mzigo.

Wanaposhindwa hapo ndipo wanapoangukia kausha damu. Mbalamwezi ni msimu wa mavuno kwa wakopeshaji hao. Unachukua 200,000 leo, unarejesha 260,000 ndani ya mwezi, na marejesho yanaanza kesho yake, wakati dagaa wenyewe hawajaanza kutoka. Hiyo ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Linganisha: ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa kampuni na watu binafsi wanaokopesha chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili, hiyo ni shilingi 7,000. Mkopeshaji halali ana leseni, anakupa mkataba unaousoma, na hachukui kitambulisho chako wala kadi ya benki kuwa rehani. Mwombe leseni uione. Akikasirika, umeshapata jibu.

Ipo pia mikopo ya halmashauri, itokayo kwenye ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Watu wanalalamika kwamba foleni ni ndefu na vikundi vinakwama, na mara nyingine wana haki ya kulalamika. Lakini vikundi vingi nilivyoviona vikikwama vilikuwa vimeundwa wiki ya kuomba mkopo. Hawajawahi kuweka hata kikoba cha elfu mbili pamoja, katiba wameinakili kwa jirani, na ukimuuliza mweka hazina jina la katibu anatazama dari.

Sasa daftari. Hapa nakutana na ubishi kila siku: wengi hawaandiki mauzo kwa kuogopa kwamba TRA, watu wa mamlaka ya mapato, wakiliona daftari watawabana. Ni kinyume chake. Chukua genge linalouza kama 14,000 kwa siku, yaani karibu milioni tano kwa mwaka. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo kati ya milioni nne na milioni saba asiyetunza kumbukumbu alipangiwa 100,000 kwa mwaka. Anayetunza alitozwa asilimia tatu ya kiasi kinachozidi milioni nne, ambayo kwa milioni tano ni 30,000. Shilingi 70,000 zinapotea kwa kukosa daftari la 2,000. Viwango huguswaguswa na bajeti, kwa hiyo pita dirishani uulize vya mwaka huu kabla hujakadiriwa.

Mkopo wa mteja ni hadithi nyingine. Mwalimu anasema nitalipa mwisho wa mwezi, mvuvi anasema nitalipa giza, na mtu wa kibanda cha jirani hasemi lini. Nikiwa kijana niliwahi kufungua kioski, nikawa mwema kwa kila mtu. Sukari nusu, sabuni kipande, mafuta ya kupima. Baada ya miezi saba nilikuwa na rafu tupu na daftari lililojaa majina, na wateja wenyewe wakipita barabara ya pili ili wasinisalimie. Nilipoteza mtaji na majirani kwa pamoja. Tangu hapo nawaambia watu: weka kiwango cha juu cha mkopo kwa duka zima, si kwa mteja. Ukisema madeni ya nje yasizidi moja ya kumi ya mzigo, basi yakifika hapo hata mchungaji anasubiri mwenzake alipe kwanza.

Na wewe unapokuwa mkopaji wa mali kauli, mzigo unaopewa kwa neno lako tu ukalipe ukishauza, kutoka kwa mwenye duka la jumla, pesa ya mzigo ule si yako hata ukiishika mkononi. Ni mali ya mtu iliyobadilika sura. Mwaminifu kwa mali kauli hapa mjini anaweza kukua bila benki yoyote. Akivunja mara moja, habari inafika Ujiji kabla hajapanda daladala.

Nikiwa nimeitaja Ujiji: mwaka 1871 David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, alifika pale amechoka na mgonjwa, akitegemea mali aliyotumiwa kutoka pwani. Akakuta aliyekabidhiwa ameshaiuza yote. Naisimulia kwenye mafunzo kwa sababu wenye maduka wanacheka, kisha wananyamaza. Wamemwachia duka mtoto wa dada, hawakuhesabu mzigo siku ya kuondoka wala ya kurudi, na wanashangaa kwa nini kijana ana simu mpya. Huenda hata hakuiba. Hujamwekea mshahara, naye akajikadiria mwenyewe.

Kuhusu dagaa wenye mchanga, sina maneno mengi. Anayeanika chini akijua mchanga unaongeza uzito, na anayechakachua dumu la mawese, wanadhani wanamwibia mnunuzi mmoja. Mnunuzi wa Dar es Salaam au wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, hasemi fulani ni mwizi, anasema dagaa wa Kigoma siku hizi wana mchanga, na bei inashuka kwa yule naye aliyejenga kichanja kwa pesa zake.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu hiyo ilikuwa mbalamwezi ndefu, na haikuja kwa kushtukiza. Wapo walioingia kwenye kufungwa huko na marejesho ya kila wiki shingoni. Wapo pia walioweka mzigo mkavu mapema, wakauza taratibu bei ilipopanda, au wakahamia mawese kwa muda. Tofauti yao haikuwa ukubwa wa mtaji.

Mchuuzi mmoja wa Katonga ana daftari la kurasa mraba ambalo kila mwezi analichora kalenda kwa mkono. Siku za mbalamwezi anazizungushia duara, na ndani ya kila duara anaandika 8,000, posho yake, pesa iliyokwisha kutengwa tangu giza. Nilimuuliza alifundishwa na nani. Akasema, "Baba, ziwa lenyewe linapumzika, sasa mimi nisipange?" Akanigeuzia ukurasa wa mwezi unaofuata, ambao maduara yake yalikuwa yamekwisha kuchorwa.