Gesi haina masizi, lakini dohani bado hukaguliwa

Kwenye majimbo ya baridi ya Marekani, kama Maine na Minnesota, wengi huamini kwamba nyumba inayopashwa joto kwa gesi haihitaji kukaguliwa dohani, kwa kuwa gesi haiachi masizi. Masizi ni kidogo kweli. Tatizo ni maji.

Kila mita 1 ya ujazo ya gesi asilia ikiungua hutoa takriban lita 1.5 za maji, yakiwa mvuke. Mvuke huo ukigusa kuta baridi hugeuka matone yenye tindikali, yanayokula saruji kati ya matofali na kutoboa mabomba ya bati. Vipande hung'oka, huanguka, huziba njia; viota vya ndege humalizia kazi. Hapo moshi hurudi ndani na monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu.

Hatari huzidi pale mtambo mpya wa kupasha nyumba joto unapotoa moshi kupitia ukutani, na hita ya maji ikaachwa peke yake kwenye dohani pana. Moshi wake mchache hupoa kabla ya kufika juu. Dawa ni kuteremsha ndani bomba jembamba linalolingana na hita hiyo.

NFPA 211, kiwango cha Marekani cha usalama wa dohani, hutaka ukaguzi kila mwaka, gesi ikiwemo. Nyumba ikiuzwa, au mtambo ukibadilishwa kwa wa aina nyingine, fundi apitishe kamera.

Kati ya kaguzi, washa hita, ngoja dakika 5, kisha sogeza kioo kwenye uwazi ulio juu yake. Kikiendelea kupata ukungu, moshi unarudi ndani: zima, toka nje, ita fundi.