Dalili za baada ya kuzibwa mshipa wa ini

Mgonjwa amerudi Wete, Pemba, kutoka kutibiwa saratani ya ini. Usiku wa pili mwili unachemka, ubavu wa kulia unauma, kigegezi hakimwachi. Nyumba nzima inasema kaharibiwa huko alikotoka. Mara nyingi sivyo. Madaktari huziita hizi dalili za baada ya kuzibwa mshipa, na huzitarajia.

Ini hupata damu kwa njia mbili. Kiasi cha robo tatu huletwa na vena, mshipa unaotoka kwenye utumbo, iliyobaki huletwa na ateri, mshipa unaoleta damu kutoka upande wa moyo. Uvimbe wa saratani hunywa zaidi kwenye ateri. Kwa hiyo daktari hupitisha mpira mwembamba kuanzia kinena, au kifundo cha mkono, hadi kwenye ateri hiyo, akamimina dawa ya saratani, kisha akaiziba. Uvimbe ukikosa damu unakufa, na mwili hujibu kwa homa, maumivu na kutapika. Aghalabu huanza ndani ya siku 3 za mwanzo na hupungua kwa wiki moja hivi. Uchovu ndio unaokawia.

Aliyechomwa kinenani hulazwa chali kwa saa kadhaa, mguu umenyooka. Akifika nyumbani, choo cha kuchuchumaa na ndoo ya maji ndivyo vinavyonitia hofu zaidi, kwani vinakaza pale pale palipotobolewa. Mtafutieni choo cha kukalia, na aswali kwa kukaa siku hizo, dini imemruhusu. Damu ikitoka, alale, mpabonyeze kwa nguvu bila kuachia, huku gari linatafutwa.

Kwa homa na maumivu apewe dawa alizoandikiwa tu. Hata panadoli ina mpaka: kwa ini bovu madaktari wengi hawavuki gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Diklofenaki na brufeni zinaumiza figo, nazo figo tayari zina kazi ya kutoa dawa ya picha, ile iliyomiminwa ili mishipa ionekane kwenye eksirei. Mitishamba pia iwekwe kando, hata kama imeletwa na shangazi kwa mapenzi.

Homa yenye kutetemeka, au iliyopoa kisha ikarudi, huenda ni jipu kwenye ini. Macho yakizidi umanjano, tumbo likijaa, mguu ukiwa baridi, akitapika nyeusi, au akianza kupayuka na kulala mchana kutwa, apelekwe hospitali ya karibu usiku huo huo, msingojee boti ya asubuhi.